Mkaguzi wa Jiko la Bi Beya

Bi Beya wa Kef alikuwa na ulimi mkali na mkono mkunjufu, na watu wengi wa mji ule walionja ulimi kabla ya kuonja mkono. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwanamke mfupi, mwenye kutembea kama anayewahi jambo hata anapokwenda kulala. Kila Ramadhani alisimamia jiko la sadaka lililokuwa ndani ya jengo la kinu cha zamani cha mafuta ya zeituni, chini kidogo ya msikiti. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama na yeye ndiye mshika mwiko. Ukimuuliza cheo kipi ni kikubwa, atakuinulia mwiko.

Shurba yake ilijulikana na wote walioila, ingawa wengi wao hawakuwa tayari kukiri kwamba waliila. Alitia ngano mbichi iliyochomwa na kuvunjwavunjwa, nyama ya kondoo, dengu, na mwishoni ganda la danzi, lile chungwa chungu, lililokaushwa juu ya tanuri. Wanawake wa Kef walimcheka kwa ganda hilo, wakisema danzi ni la asali na la kahawa, si la shurba. Lakini mama yake aliletwa Kef akiwa bibi harusi kutoka Nabeul, kule ambako danzi linaingia hata mahali lisipoitwa, na Beya hakuwa mtu wa kumsahihisha mama yake aliye kaburini.

Mama huyo ndiye aliyemwachia pia sheria ya kufunika. Chakula cha sadaka hutoka kimefunikwa, hupita mlango wa nyuma, na anayekibeba hapigi soga njiani. "Unampa mtu chakula," alikuwa akisema yule mama, "humvui nguo." Kwa hiyo jiko lilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa wa wanaoleta. Wa nyuma, unaofunguka kwenye kichochoro, ulikuwa wa wanaochukua.

Miongoni mwa waliopita nyuma alikuwamo Najia, rafiki yake Beya tangu wakiwa wasichana wa kuchota maji pamoja. Najia alikuja kila siku baada ya alasiri, sufuria ndogo ya buluu imejificha ndani ya shuka lake jeupe la kujitanda, akaijaza, akaondoka. Mumewe, Haji Lazhar, hakujua.

Haji Lazhar alikuwa mkuu wa stesheni zamani, wakati gari moshi lilipokuwa bado linajali kufika Kef. Alikuwa mtu mnyoofu, wa kufa na tai shingoni, na tai yenyewe kweli aliivaa, hata akienda kununua gazeti. Tangu goti lilipomharibikia hakukanyaga tena sokoni. Kila mwanzo wa mwezi alimpa mkewe pesa za chakula, na zilikuwa zilezile alizompa mwaka aliostaafu, kana kwamba bei nazo zilistaafu siku ile. "Zinatosha?" alikuwa akiuliza. Najia akajibu, "Zinatosha na zinabaki."

Kulikuwa na sababu ya uongo huo. Miaka miwili nyuma Najia alijaribu kumwambia kwamba hazitoshi. Haji aliacha kununua vidonge vyake vya moyo, akaongeza fedha hizo kwenye pesa za chakula, akatembea hivyo wiki kadhaa hadi akaanguka mbele ya duka la mikate. Pale hospitalini, akiwa amemshika mkono, Najia akamwambia kwamba alikosea hesabu, akaapa moyoni kwamba masikio ya mumewe hayatasikia tena neno upungufu. Alipotoka hapo alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma wa Beya.

Haji, maskini, alikula shurba ile kila magharibi na kuisifia mjini. "Mikono ya Najia," alisema pale kwenye ngazi za msikiti, "mji mzima hakuna." Beya akimsikia aligeuza uso asicheke, na mara nyingine asilie.

Mwaka huo mambo ya sadaka yaliingia doa. Katika mji mmoja wa mbali iligundulika kwamba mwenyekiti wa chama cha mayatima alikuwa amejijengea ghorofa, na watu wa Kef, ambao hawakuwahi hata kufika mji ule, wakaanza kumtazama Beya kwa jicho la pembeni. Waliokuwa wakileta mafuta wakachelewa. Waliokuwa wakileta unga wakasafiri. Hapo ndipo Ulfa, katibu wa chama na mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi, alipomkalisha Beya juu ya gunia.

"Shangazi, tuweke kila kitu wazi. Kilichoingia, kilichonunuliwa, kwa bei gani, sahani ngapi zimetoka. Tubandike mlangoni, na tuweke kwenye mtandao, auone hata mtu wetu aliyeko Lyon."

"Kwani mimi nimeiba?"

"Hujaiba. Ndiyo maana nasema."

"Kama sijaiba, nionyeshe nini? Nionyeshe kutokuiba?"

"Mwizi na mwaminifu wakifunga mlango wote wawili, mpita njia atamjuaje nani ni nani?"

Beya aliugeuzageuza mwiko mikononi. Mwishowe akasema, "Sawa. Jiko livueni nguo mpendavyo. Anayekula sitamvua. Jina moja likionekana, Ulfa, mwiko huu utaujua kwa mgongo."

"Majina hayahitajiki, shangazi. Nani anataka majina?"

Ikabandikwa. Na Waswahili husema mficha uchi hazai. Jiko lilipoacha kuficha uchi wake, wiki haikuisha likazaa. Katibu wa jiko la mji wa Jendouba, ambalo nalo huweka hesabu zake wazi, alimpigia Ulfa simu na kumuuliza kwa upole mbona Kef wananunua dengu kama wananunua lulu. Muuza dengu alikuwa Abdelhafidh, shemeji yake Beya, mtu wa kumuita dada mbele na dada nyuma. Beya alikwenda dukani kwake na karatasi ya Jendouba mkononi.

"Shemeji," alimwambia mbele ya wateja, "miaka yote hii umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Dada, bei za jumla zinapanda..."

"Jendouba hazikupanda? Huko ni Uchina?"

Dengu zikashuka bei siku hiyohiyo. Beya alirudi jikoni amekunja uso, lakini Ulfa aliona kwamba tangu hapo kila asubuhi mama huyo alisimama mbele ya karatasi na kuisoma yote, akifuatisha mistari kwa kidole chenye masizi. Alikuwa ameibiwa gizani na mtu wake mwenyewe, na yeye ndiye aliyezima taa.

Kisha karatasi ikamkuta Haji Lazhar.

Alikuwa akipita kwenda msikitini, akasimama, akavaa miwani, akasoma kama alivyokuwa akisoma ratiba za gari moshi. Nyama ya kondoo, kilo moja, dinari hamsini na tano. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Baada ya sala alisimama ngazini na kuwaita wenzake.

"Mnaijua ile karatasi? Hamsini na tano kilo ya nyama! Wanatufanya watoto?"

"Haji, bei ndiyo hiyo," mmoja akamwambia.

"Bei ya wapi? Mimi nampa Najia dinari mia mbili kwa mwezi, na kila siku nafuturu kwa nyama. Kila siku! Gawanyeni wenyewe. Sahani moja ya jikoni inawagharimu mara tatu ya sahani yangu, na wao wananunua kwa jumla. Hizo nyingine zinaingia tumbo gani?"

Alikuwa mtu wa kuheshimika, na hesabu yake ya kugawanya haikuwa na kosa. Wanaume wakatazamana. Wapo waliokwenda nyumbani kuwauliza wake zao mbona mke wa Haji anaweza, na katika nyumba hizo futari ya siku ile ililiwa kimyakimya. Wengine wakashika upande wa pili: majina yawekwe. Kama kweli sahani zote hizo zinatoka, waonekane wanaozila, mmoja mmoja.

Aliyechomwa zaidi alikuwa Munji mchinjaji. Nusu ya nyama ya jiko aliitoa bure na nusu aliiuza kwa bei ya dukani, bila hata kuzidisha. Alikuja jikoni na aproni yake ya damu, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Bi Beya, nimeitwa mwizi pale msikitini, nami nimefunga. Mpaka jambo hili lisafishwe, nyama yangu msiitegemee."

"Munji, tuko katikati ya Ramadhani."

"Na mimi niko katikati ya watu."

Pasipo Munji hakukuwa na nyama, na pasipo nyama hata waliobaki kutoa wangesema kumbe ilikuwa kweli. Jiko lilikuwa na siku chache za kuishi. Beya aliketi kwenye kiti cha kumenyea vitunguu na hakumenya kitu. Angeweza kukata mzizi wa fitina kwa sentensi moja. Angesema tu, Haji, nyama unayokula ni yangu. Alilihisi neno hilo mdomoni, tamu kuliko kitu chochote alichowahi kupika, akalimeza ingawa saumu ilikuwa haijafika mwisho.

Najia aliingia kwa mlango wa nyuma, macho mekundu, mikono mitupu.

"Beya, nimekuponza. Nitamwambia leo."

"Umwambie, aache tena vidonge? Umwokote tena kwenye duka la mikate?"

"Wanakuita mwizi, ndugu yangu."

"Wameniita mengi. Wameniita mke wa Abdelkarim miaka thelathini, nikavumilia. Sufuria yako iko wapi?"

"Sikuileta."

"Nenda kailete, Najia. Usinifanye nipige kelele."

Najia akacheka huku analia, akaenda kuileta.

Usiku huo Beya hakuwaza kingine. Asubuhi akavaa shuka lake safi, akapanda hadi ngazini, akamkuta Haji Lazhar ameketi juani na tai yake.

"Haji, wewe ulikuwa mkuu wa stesheni."

"Nilikuwa."

"Gari likichelewa, ulikuwa unakaa ngazini na kulisema, au unakwenda kuangalia reli?"

Wazee wawili waliokuwa karibu wakacheka. Haji hakucheka, ila alijinyoosha.

"Naangalia reli."

"Basi njoo leo alasiri ukague. Pima kila kitu, uliza kila mtu. Ukiona wizi, utangaze hapahapa, nami nitautupa mwiko. Majina tu ndiyo siyatoi."

"Na nisipoona wizi?"

"Utatangaza hapahapa vilevile."

Alirudi akishuka mteremko kwa mwendo wake wa haraka, ameridhika sana. Alidhani amefikiria yote. Majina alikuwa ameyafungia. Najia alikuwa ameambiwa asije kabla ya mkaguzi kuondoka. Kila mwenye kupita mlango wa nyuma alikuwa amefunikwa vizuri, kama mama yake alivyomfunza, na hakukumbuka kabisa kwamba kuna kitu kimoja jikoni ambacho hakikuwahi kufunikwa na mtu.

Haji alifika na miwani, penseli na mizani ya mkono aliyoitunza tangu enzi za vifurushi vya stesheni. Na lazima isemwe, alikagua kwa haki. Alipima dengu, akapima ngano, akahesabu mikate ya tanuri. Alimuita Munji, ambaye alikuja kwa shingo upande, akamtaka ataje bei ya nyama kwa kinywa chake na ataje amenunua kondoo kwa kiasi gani. Munji akataja. Haji akaandika, akajumlisha, akarudia tena. Kila mstari wa karatasi ya mlangoni ulikutana na mstari wa karatasi yake. Kadiri mistari ilivyokutana, ndivyo uso wake ulivyolegea, si kwa furaha, bali kama wa mtu anayepanda ngazi gizani na kukosa kidato.

"Hamsini na tano ni kweli," alisema taratibu.

"Ni kweli, Haji," Munji akasema, na hasira zilikuwa zimeanza kumtoka. "Natamani isingekuwa."

"Basi Najia anafanyaje?" Haji aliuliza, na hakuwa akimuuliza yeyote. Beya aliinama kutazama moto ambao haukuhitaji kutazamwa.

Ulfa alifurahi. Ukaguzi umekwenda vizuri, mkaguzi ameridhika, na yeye alitaka pasibaki kitu ambacho hakikuonwa. "Na hii ndiyo shurba yenyewe, Haji," akasema, akafunua sufuria kubwa.

Mvuke ukapanda. Mtu aliyefunga, saa ya alasiri, ana pua kuliko paka. Harufu ya nyama ilipita, ya majani ya karafsi ikapita, na nyuma yake, polepole, ikaja ile ya ganda la danzi, chungu na tamu kwa pamoja.

Haji Lazhar alisimama pale, penseli mkononi. Alivuta pumzi mara moja, kisha mara ya pili, kwa makini, kama alivyorudia kusoma ile bei.

"Mmetia nini humu?"

"Ganda la danzi," Ulfa akajibu kwa fahari, asijue anasema nini. "Ni la shangazi Beya tu hilo. Kef yote hakuna mwingine anayetia kwenye shurba."

Beya alitamani ardhi impasukie. Siri ya mtungi aijuaye kata, husema watu, lakini yeye amepika miaka yote bila kukumbuka kwamba chungu kina harufu. Aliinua macho akakutana na ya Haji. Hakuona hasira ndani yake. Aliona mzee aliyekuwa akihesabu siku nyingi, nyingi sana, za magharibi moja moja, na kila moja ilikuwa na sahani yake. Beya aliona huruma, na aibu pia, kana kwamba yeye ndiye aliyevuliwa.

Haji akavua miwani na kuitia mfukoni. Akakunja karatasi yake, akampa Ulfa.

"Hesabu ni sahihi," akasema. Alitoka kwa mlango wa mbele, na waliokuwa wakisubiri nje wakamzunguka. Beya alimsikia kutoka ndani.

"Vipi, Haji?"

"Hesabu zao ni sahihi. Iliyokosea ni yangu."

"Na majina?"

"Majina ya nini? Nimeshakagua. Munji, nisamehe mbele ya hawa."

Munji akamsamehe hapohapo, na kabla ya magharibi akaleta paja zima la kondoo bila kulitia kwenye hesabu yoyote, hadi Ulfa alipomfukuzia barabarani ili ajue uzito wa paja hilo. Jiko lilikuwa limepona. Beya aliambiwa hivyo na kila aliyeingia, akaitikia, na moyo wake haukuwamo. Jioni hiyo Najia alipita haraka mno, akajaza sufuria, wala Beya hakupata ujasiri wa kumwambia chochote.

Kesho yake alasiri Najia hakuja. Mlango wa nyuma ukafunguka na kufungwa, wakaingia na kutoka wengine wote, na Beya akawa anachungulia kichochoroni kila mara hadi akaunguza mkate. Akilini alimuona Haji kitandani. Alimuona Haji mbele ya duka la mikate, tai imepinda. Alijilaumu kwa kumleta, akamlaumu Ulfa kwa kufunua, akamlaumu mama yake kwa kuzaliwa Nabeul.

"Bi Beya," mtu akaita kwa mbele.

Alikuwa Haji Lazhar, kwenye mlango wa wanaoleta, mbele ya watu, na mkononi ana ile sufuria ndogo ya buluu. Ilikuwa imejaa madanzi mpaka juu, mengine na majani yake.

"Najia anakusalimu," akasema. "Chombo hakirudi kitupu. Kutoka kwetu kilikuwa kikirudi kitupu kwa sababu sikuambiwa kwamba kimetoka."

Beya alifuta mikono kwenye aproni.

"Yule mti wa uani umejaa," Haji akaendelea. "Yanaanguka, yanaoza, namwambia Najia tuukate. Tangu leo ganda halitakosekana hapa."

Beya akasogea, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Na vidonge?"

"Nimemeza na daku. Amenisimamia kama askari, akaniapisha." Akatabasamu kidogo. "Tumesema mengi jana. Nimeambiwa bei ya kila kitu, mpaka ya kiberiti."

Ulfa alikuwa ameshaleta mizani. Akamwaga madanzi, akapima, akachukua kalamu aandike kwenye karatasi ya mlangoni. "Niandike yametoka kwa..."

"Andika madanzi," Beya akamkata. "Andika kilo zake. Jina halipimwi."

Akaichukua sufuria ya buluu, akaisuuza, akaijaza shurba mpaka ukingoni, na nyama akachagua mwenyewe. Kisha akachukua kitambaa cheupe kutoka kwenye kamba, akaifunika na kuanza kukunja pembe, kama alivyofunika kila chombo kilichowahi kutoka pale.

Haji akaweka mkono juu ya mkono wake.

"Acha, Bi Beya."

"Haji, wale wako ngazini wote."

"Ninawajua. Juzi niliwahutubia."

Alikitoa kitambaa, akamrudishia. Akanyoosha tai, akaibeba sufuria kwa mikono miwili na kuupanda mteremko taratibu kwa sababu ya goti, mvuke ukimpanda usoni. Beya alisimama mlangoni kumwangalia. Pale ngazini wanaume walionyamaza kwanza walikuwa wale wa chini, harufu ilipowafikia, kisha wa juu.

"Haji, umebeba nini?" mmoja akauliza.

"Shurba ya jikoni," alijibu kwa sauti ya stesheni. "Nafuturu kwayo kila siku. Ile niliyokuwa nikiwasifia."

Hakuna aliyecheka. Mmoja alisogea ili apite, kisha mwingine, na Haji akapita katikati yao bila kumwaga hata tone. Beya alibaki mlangoni na kile kitambaa mkononi hadi Ulfa alipomuita kwamba shurba inashika chini.